Mlinzi anamlisha mbwa wangu pilipili kichaa "ili awe mkali". Wajuvi wa wanyama njooni

Mtoto wa Ilazo (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Nipo Ilazo, Dodoma mjini. Nina mbwa wawili, hawa hawa wa kienyeji, Simba na Tesa. Wiki kama tatu sasa Simba anaharisha, anakunywa maji kama punda aliyetoka kubeba mkaa Chamwino, na muda wote anajilamba nyuma. Nikasema hiyo minyoo. Nikampa dawa ya minyoo, wapi! Hali ile ile.

Jana nikatoka kazini Mtumba mapema. Nafika nyumbani namkuta mlinzi wangu, mzee wa watu kabisa, anatwanga pilipili kichaa kwenye kinu kidogo, anachanganya kwenye ugali na dagaa wa Simba. Nikamuuliza, mzee, hii nini tena? Akanijibu bila hata kusimama: "Bosi, mbwa asipokula pilipili hawi mkali. Huyu wako anamtingishia mkia mpaka mkusanya taka." Anasema kwao mbwa wote wa ulinzi walianzishiwa pilipili wakiwa wadogo, na waliotakiwa kuwa wakali zaidi waliongezewa nyigu waliokaushwa.

Simba alikula. Anakula huku anapiga chafya, machozi yanatiririka, anaacha, anarudi, njaa inamrudisha. Ila kilichoniacha mdomo wazi ni kuku. Walikuja kudokoa sahani ile ile, pilipili ile ile, wanadonoa vipande vyekundu kwanza! Hakuna aliyestuka.

Sasa naomba kuelimishwa. Hii ya pilipili na ukali wa mbwa ina ukweli? Na kuku wana midomo ya chuma au?

---

Chang'ombe Damu

Nimekaa pale na karanga zangu.

---

Kijukuu wa Kongwa

Ukweli upo mkuu, usimvunje moyo mzee. Marehemu babu alikuwa na mbwa anaitwa Sitaki. Alilishwa pilipili tangu hajafungua macho vizuri. Mgeni alikuwa anapigia hodi barabarani, si mlangoni. Mpaka mjumbe akija na karatasi zake anaziacha kwa jirani.

---

Mama Wawili

Kijukuu, na huyo Sitaki alikuwa anafungwa mnyororo mchana kutwa, anapigwa mawe na watoto wakipita, anafunguliwa usiku? Maana wa kwetu alikuwa hivyo hivyo, mkali wa kutisha, na pilipili hajawahi kuionja. Mkifunga hata binadamu kwenye mti wa mbuyu toka asubuhi atang'ata watu.

---

Kijukuu wa Kongwa

Alikuwa anafungwa, ndiyo. Ila pilipili pia alikula.

---

Mama Wawili

Hahaha haya.

---

Mzee wa Josho

Marahaba kwa wote watakaonisalimia. Nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi, Mpwapwa na Kongwa, sasa nimestaafu nafuga vya kwangu. Nitaandika marefu, mwenye haraka aruke.

Mtoto wa Ilazo, kwanza acha leo. Sio kesho.

Ukali wa pilipili si ladha. Chumvi ni ladha, sukari ni ladha, ukali ule ni maumivu. Ndani ya pilipili kuna kitu kinaitwa kapsaisini, na nyingi haipo kwenye mbegu kama tulivyozoea kusema. Ipo kwenye ule utando mweupe ulioshika mbegu. Mbegu zinachoma kwa kuwa zimelalia utando. Sasa mdomoni, puani, machoni, mpaka kule mwisho wa safari, mishipa ya fahamu ina vipokezi ambavyo kazi yake ni kupeleka habari za moto. Vinaamka joto likifika kama nyuzi 43. Kapsaisini inaviamsha bila moto wowote: ubongo unapigiwa kelele kwamba tunaungua, na hakuna hata kaa moja. Kipokezi chenyewe kinaitwa TRPV1. Kilitambuliwa mwaka 1997 kwenye maabara ya David Julius huko California, na mwaka 2021 akapewa Nobel ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian. Mbwa anacho, paka anacho, mbuzi, punda, panya, tembo, mimi na wewe.

Watu hupenda kusema mbwa hasikii ladha vizuri kwa hiyo mpe tu. Kweli ulimi wake una vionja ladha kama 1,700 hivi wakati sisi tuna kama 9,000. Lakini nimeshasema ladha ni idara nyingine. Kwenye maumivu hajapunguziwa kitu, halafu pua yake ndiyo hiyo unayoijua. Unga wa pilipili kwenye pua ya mbwa ni mateso.

Mzee wako anamwona Simba anahangaika, anakoroma, anabweka hovyo, anadhani dawa imeingia. Mnyama mwenye tumbo linalowaka anakuwa na hasira, hapo sibishi. Ila atamng'ata aliye karibu, na aliye karibu siku zote ni mwanao anayekwenda kumwekea maji. Mwizi yuko nje ya ukuta.

Kuhusu kujilamba nyuma: kapsaisini haiishi yote tumboni. Nyingine inatoka kama ilivyoingia, na inakotokea kuna vipokezi vile vile. Aliyekula pilipili mbuzi na nyama choma mnadani Msalato anajua asubuhi yake inakuwaje. Simba amekuwa na asubuhi hiyo wiki tatu mfululizo.

---

Chang'ombe Damu

Mzee wa Josho nimemwaga karanga zote.

---

Mtoto wa Ilazo

Shikamoo mzee. Nimeshamwambia aache, amenuna. Simba nimfanyie nini sasa hivi?

---

Mzee wa Josho

Marahaba mwanangu. Maji safi yawe karibu muda wote, maana anayeharisha anakauka. Maji hayaondoi ukali, kapsaisini haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Lakini ni ya kumrudishia alichopoteza. Siku mbili tatu mpe wali laini na nyama ya kuku ya kuchemsha, bila chumvi, bila kitunguu, bila mafuta ya kukaangia. Mtindi vijiko viwili vitatu unaweza. Maziwa freshi usimjazie bakuli, mbwa wengi wakubwa maziwa yanawaharisha, utakuwa umeongeza tatizo juu ya tatizo.

Kama ana vumbi la pilipili machoni, mwoshe kwa maji safi mengi, dakika 15 kamili ukitazama saa, sio kupangusa. Kwenye ngozi paka mafuta ya kula kwanza, ndipo sabuni. Ukiona damu kwenye kinyesi, au anatapika hata maji, funga safari umpeleke kwa daktari, usiulize tena humu.

---

Kuku Biashara Nkuhungu

Mzee shikamoo. Umeruka swali la kuku na ndilo limenileta.

---

Mzee wa Josho

Sijaruka, nilikuwa nakunywa chai.

Kuku anacho kipokezi hicho hicho cha moto. Ukimwagia maji ya moto ataruka kama kawaida. Tofauti ni umbo: kwa ndege kipokezi kimeumbwa tofauti kidogo pale kapsaisini inapojishika, kwa hiyo funguo haiingii kwenye kitasa. Hilo lilithibitishwa mwaka 2002 kwa kipokezi cha kuku. Ndege wote wako hivyo. Kasuku, njiwa, kunguru, kanga, bata. Ukimpa kuku pilipili anaona tunda jekundu tu, na kuku anapenda chekundu.

Na kuna sababu. Mpilipili unataka mbegu zake zisafirishwe. Panya au ngedere akila anatafuna, mbegu imesagika, kizazi kimekwisha. Ndege hana meno, anameza, anaruka, anakwenda kuinyea mbali pamoja na mbolea kidogo. Wamarekani wawili, Tewksbury na Nabhan, walilipima jambo hili jangwani Arizona wakalitoa mwaka 2001: mbegu za pilipili zilizopita kwenye tumbo la panya hazikuota, zilizopita kwa ndege ziliota kama zilizotolewa kwenye tunda kwa mkono. Mpilipili umechagua abiria wake na mwingine unampiga kofi mlangoni.

---

Bibi wa Hombolo

Wajukuu hamjambo. Hili la ndege sikuwa nimelisoma popote ila nimeliona. Chini ya mwarobaini wangu kuna miche ya pilipili kichaa, sikupanda hata mmoja. Juu ya mti wanalala ndege. Kwenye uwanja wazi hakuna mche, chini ya mti imejaa. Nilikuwa nadhani ni kivuli.

---

Mzee wa Josho

Bibi, umemaliza. Shikamoo.

---

Mkulima wa Bahi

Nimesoma mpaka hapo nikaweka simu chini nikacheka peke yangu kama chizi. Wakuu, mwaka jana nililima mtama ekari mbili, mbegu ya Macia, mweupe. Kweleakwelea wakaanza kushuka ulipokuwa maziwa maziwa. Kuna mtu akanishauri pilipili. Nikanunua pilipili kichaa ndoo nzima ya lita ishirini, nikatwanga, nikaloweka na sabuni ya unga, nikachuja, nikapulizia na bomba la mgongoni siku mbili. Mgongo wote uliwaka, macho yalivimba, mke wangu akanikataza kuingia ndani hadi nioge mara tatu.

Kweleakwelea walikuja saa kumi na mbili asubuhi, wakala kama wamewekewa kachumbari.

---

Chang'ombe Damu

Kama wamewekewa kachumbari. Nimekufa.

---

Mama Wawili

Pole sana jamani, lakini nimecheka.

---

Mzee wa Josho

Pole mkulima. Uliwatilia kiungo.

Kweleakwelea ni ndege, hana habari na pilipili. Mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, unaona ni kidogo. Kundi la milioni moja ni tani 10 kwa siku. Ukiona wamelala karibu na kijiji toa taarifa mapema kwa ofisa kilimo, maana dawa ya ndege serikali inanyunyiza wanakolala, wakishatawanyika mashambani imeshindikana. Kwa wewe mwenye ekari mbili ni kuamia tu, alfajiri na jioni, makopo, kombeo, watoto. Wote mpande wakati mmoja kijiji kizima, anayekomaza peke yake ndiye anayekuwa hoteli. Na mtama mweupe ndege wanaupenda kwa kuwa ni mtamu. Ile ya rangi nyekundu yenye ukakasi wanaikwepa kidogo, ukakasi wa tanini wanausikia. Ndiyo hivyo ugali wake na wewe utausikia.

---

Bibi wa Hombolo

Mtama mwekundu ni wa pombe. Wajukuu wa siku hizi hamtaki kuamia ndege, mnataka dawa.

---

Kuku Biashara Nkuhungu

Naomba nidandie. Panya wananimaliza kwenye banda, gunia la chakula cha kuku likikaa wiki robo wamekula wao. Kama kuku hawasikii pilipili na panya wanasikia, si nichanganye tu kwenye chakula?

---

Mzee wa Josho

Umeelewa kuliko wanafunzi wangu wote. Ndiyo, unaweza. Ulaya na Marekani watu wanaowawekea ndege wa porini mbegu za kula huzitia pilipili ili kindi wasiibe. Panya atapunguza, hatahama. Akiwa na njaa sana atakula huku analia, kama Simba. Kwa hiyo pipa lenye mfuniko bado ndilo dawa, pilipili ni msaidizi. Vaa kitambaa puani unapochanganya, wewe si kuku.

Faida nyingine: pilipili nyekundu iliyokauka ina rangi inayokwenda kwenye kiini cha yai. Mayai ya kuku wa ndani yana kiini cheupe cheupe. Ukitia pilipili nyekundu kwenye chakula kinaelekea rangi ya chungwa. Mteja anasema haya ni ya kienyeji.

---

Kuku Biashara Nkuhungu

Mzee unanifundisha utapeli. Nitakuletea trei.

Na kideri, ule ugonjwa wa kuku, je? Hapa mtaani kila mtu anasema pilipili, kitunguu saumu na shubiri kwenye maji, kideri hakigusi.

---

Mzee wa Josho

Hapa nitakuwa mkali bila kula pilipili. Kideri ni kirusi. Hakuna pilipili inayokizuia na hakuna dawa inayokitibu kikishaingia. Chanjo ya I-2 inayostahimili joto inatengenezwa hapa hapa nchini: tone moja kwenye jicho, kila miezi mitatu, kuku wote siku moja. Nimeingia mabanda mengi ambayo maji yake ni mekundu kwa pilipili na kuku wote wamelala miguu juu. Mwenye banda ananiambia "labda sikuweka za kutosha."

---

Kijukuu wa Kongwa

Mimi nina swali moja zito. Kama mbuzi naye ni mamalia na anaumia, kwa nini inaitwa pilipili mbuzi?

---

Chang'ombe Damu

Kwa sababu inapiga pembe.

---

Mtani wa Kondoa

Kwa sababu ukila unalia meee.

---

Mama Wawili

Mbuzi wangu waliingia bustanini wakamaliza majani yote ya mpilipili, matunda wakayaacha yananing'inia kama mapambo. Sasa hapo kwenye majani hakuna ukali?

---

Mzee wa Josho

Majani yana kapsaisini kidogo mno, hata watu wanayapika mboga. Mbuzi wako alionja tunda moja, akaelewa, akaendelea na majani. Mbuzi hajasoma ila si mjinga.

---

Mtu wa Manyoni

Nyinyi mnahangaika na mbuzi, sisi huku tuna wenye mkonga. Tembo wakitoka hifadhini wakati wa mahindi wanaingia usiku, tembo kumi, kumi na tano. Asubuhi unakuta shamba kama limepigwa na greda.

Tulifundishwa uzio wa pilipili. Unachukua kamba ya katani, unaifunga kwenye nguzo kuzunguka shamba, unaning'iniza vitambaa vya magunia, halafu unapaka mchanganyiko wa oili chafu ya gari na unga wa pilipili. Oili inashika pilipili isioshwe na mvua haraka. Tembo ana pua inayonusa kuliko mbwa, akifika pale anasimama, ananyoosha mkonga, anaurudisha, anageuka. Nimeshuhudia kwa macho yangu, kwa mwezi mweupe.

Lakini nisiwadanganye. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo harufu inakwisha, na mahindi yapo shambani hiyo hiyo miezi ya mvua. Inabidi upake upya, na mwenye shamba kando yako asipopaka tembo anapita kwake halafu anakuja kwako kwa mlango wa nyuma. Kuna madume yameshazoea, yanasukuma nguzo kwa kichwa bila kugusa kitambaa.

Njia nyingine ni matofali. Kinyesi cha tembo au ng'ombe na pilipili, unakausha, jioni unachoma upande unaotoka upepo. Moshi ule ukikukuta wewe mwenyewe utahama kijiji.

---

Msomi wa Chimwaga

Nyongeza kidogo kwa Manyoni. Hii ya tembo na pilipili ilianza kujaribiwa Zimbabwe miaka ya 1990, ikasambaa. Na hapa Tanzania kuna inayotumia kondomu: wanajaza unga wa pilipili na mchanga, wanaweka fataki katikati, inarushwa inapasuka hewani karibu na tembo, wingu la pilipili linamshukia.

---

Mtu wa Manyoni

Hiyo ipo. Mwenzetu mmoja alitumwa duka la dawa kununua kondomu boksi zima. Mwenye duka akamuuliza, kijana, una mpango gani? Akajibu "za tembo". Kijiji kizima kinamwita Tembo mpaka leo.

---

Mama Wawili

Hahahaha aisee.

---

Msomi wa Chimwaga

Turudi kwa Simba. Kuna mwanasaikolojia Mmarekani, Paul Rozin, alikwenda kijijini Mexico, ambako pilipili inaliwa kila mlo kuliko sisi tunavyokula mlenda. Mbwa na nguruwe wa kijiji wanaishi kwa makombo ya watu, makombo yote yana pilipili. Akajiuliza, hawa si wameshazoea, labda wanapenda? Akawawekea biskuti za jibini za aina mbili, zenye pilipili na zisizo nayo. Wanyama walianza na zisizo na pilipili. Walikuwa wanakula makali kwa kuwa ndicho kilichotupwa. Binadamu ndiye anaonja maumivu, anasema tamu, anaongeza.

Mamalia mwingine anayejulikana kula pilipili kwa hiari yuko Asia, kamnyama kadogo mithili ya kindi kanakopanda miti. Watafiti wa China walieleza mwaka 2018 kwamba kipokezi chake kina badiliko dogo linalopunguza ukali.

Na farasi: kwenye Olimpiki ya 2008 ya Beijing, farasi wanne wa kuruka viunzi walikutwa na kapsaisini wakaondolewa mashindanoni. Norway ikanyang'anywa medali ya shaba. Kapsaisini ikipakwa miguuni ngozi inakuwa nyepesi kuumia, farasi akigusa kiunzi anasikia zaidi, kwa hiyo anaruka juu. Ni pilipili ile ile ya mzee wa Ilazo, tofauti ni bajeti.

---

Mtoto wa Ilazo

Msomi umenipa wazo. Nitafanya hiyo ya sahani mbili mbele ya mzee. Nitaleta mrejesho.

---

Dada wa Area D

Naomba kuuliza wa paka. Wangu nikimpa samaki mwenye pilipili anamnusa, ananiangalia kama nimemtukana, anaondoka. Ila makombo ya kachumbari na nyama mbwa wa jirani anamaliza yote. Ni salama?

---

Mzee wa Josho

Paka wako ana akili, muache.

Kwa mbwa, kwenye kachumbari hiyo pilipili ndiyo jambo dogo. Kitunguu ndicho kibaya. Kitunguu maji, kitunguu saumu, kibichi au kilichopikwa kwenye mchuzi, vinavunja chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Hataruka wala kulia, kwa hiyo hutajua. Baada ya siku chache unaona fizi nyeupe, mkojo wa kahawia, mnyama amelegea. Paka ndiye anayeathirika haraka zaidi.

Na kwa kuwa sisi ni watu wa Dodoma nitasema na hili: zabibu. Msimu ukifika mnawarushia mbwa zabibu zilizopondeka kama mchezo. Zabibu mbichi au kavu zinaweza kuua figo za mbwa, na hakuna kipimo cha kusema hizi ni chache hazina neno, mmoja anakula kichane yuko salama, mwingine chache zinamlaza. Tangu mwaka 2021 asidi ya tatariki iliyomo ndiyo inayoshukiwa. Mbwa wa mashamba ya Mpunguzi na Makutupora wafungwe wakati wa kuvuna.

---

Dada wa Area D

Mungu wangu. Huyo wa jirani juzi tu kala zabibu kwetu.

---

Mzee wa Josho

Juzi ni karibu. Nenda kamwangalie leo: anakula? anakojoa? anatapika? Kama kuna moja limeharibika, kwa daktari.

---

Dada wa Area D

Nimeenda. Yupo, kanikimbilia anataka nyingine. Nimemwambia jirani, kashtuka kama mimi.

---

Mkulima wa Bahi

Kwa hiyo zabibu ambazo mbwa hatakiwi kula ndizo ndege wanamaliza, na pilipili ambayo mbwa hataki ndege wanamaliza pia. Hawa ndege nani aliwapa mamlaka?

---

Mtoto wa Ilazo

MREJESHO

Wakuu, siku ya tisa leo. Simba kapona. Choo kimeshika, kujilamba kumekwisha, manyoya ya mkiani yanarudi.

Ya sahani mbili tumeifanya Jumapili. Ugali na dagaa pande zote, moja ina pilipili kichaa tatu tu, mzee katwanga mwenyewe ili asiseme nimechakachua. Simba kanusa ya pilipili, kapiga chafya, kaenda ya pili kamaliza, karamba mpaka bati linang'aa. Halafu akarudi kwenye ya pilipili akaisimamia. Akanitazama, akamtazama mzee. Akachomoa dagaa mmoja wa pembeni, akaenda kumlia mbali. Nikasema mzee umeona? Mzee akasema, "Ameshiba huyo. Mlaze njaa siku mbili uone kama hatakula." Nikamwambia mzee, ukilala njaa siku mbili hata wewe utakula sabuni. Akacheka, ila hajakubali.

Tukaongea vizuri jioni. Kumbe shida yake ni usiku, anakaa getini peke yake, anaona mbwa hamsaidii, anakuja kulala miguuni pake. Nikamuuliza, wakati mgeni anafika, Simba anabweka? Anasema anabweka, akishamjua ananyamaza. Sasa mzee, unataka nini zaidi ya hapo? Basi tumekubaliana jioni wazunguke wote ukuta mara mbili, mbwa wote wawili, na tochi mpya nimenunua.

Pilipili zake zilizobaki kazipanda, mbegu zilikuwa nyingi. Mche mmoja mkubwa wa zamani ulikuwa tayari pale kando ya tanki la maji, una matunda mekundu. Sasa kuku wamegundua. Asubuhi yote mzee yupo na fimbo anafukuza kuku kwenye mpilipili, anawaita wachawi, na Simba amelala kivulini anamwangalia.

---

Bibi wa Hombolo

Huko ndiko kuamia ndege kwenyewe. Mpe pole.

---

Kuku Biashara Nkuhungu

Kiini cha yai kimekuwa rangi gani?

---

Mtoto wa Ilazo

Chungwa, mkuu. Sijauza hata trei, tunakula wenyewe.